Dawa ya Deni

Aliletwa ndani ya boksi la sabuni,
macho bado hayajafunguka sawasawa,
na Eliafoo fundi bomba, niliyekuwa namdai elfu kumi na nane.
"Shika huyu kwanza," akasema, "hela nitatafuta."
Kesho yake nikasikia yuko Babati,
na mimi niko Longuo na boksi linalolia.

Nikamwita Deni. Ningemwitaje tena?

Mwaka wa sita huu.
Alfajiri, mlima ukiwa bado umejifunika,
pua ya baridi inanigusa kisigino:
amka, mama, mwenye ndoo ya maziwa anapita,
kuku wa jirani wako kwenye mchicha wetu,
dunia imeanza na wewe umelala.
Namfungulia. Anaizunguka nyumba
kama mgambo aliyelipwa kwa wakati,
kisha anakojolea mgomba uleule, kila siku ule mmoja,
ndiyo maana una mikungu minene kuliko yote.
Hilo wageni nawaambia wakishakula.

Nampikia dona na vichwa vya dagaa.
Nakijwa wa nyumba ya pili ananicheka:
"Mbwa anakula cha moto, mwenyewe unakula kiporo!"
Nakijwa huyohuyo, saa kumi jioni,
anapita uani kwangu na mfupa kauficha kwenye kanga,
akidhani simwoni.

Jumapili hunisindikiza hadi usharikani.
Mahubiri anayalalia nje, kwenye kokoto,
ila mnada wa mazao ukianza anasimama mlangoni.
Kuna siku alibweka,
mzee wa kanisa akadaka: "Elfu tano imesikika!"
Nikarudi nyumbani na papai nisilolitaka.

Mwaka aliofariki baba Ndeshi
watu walikuja, wakalia, wakaimba,
wakaondoka na maturubai yao na viti vyao.
Deni hakujua kutoa pole.
Alilala juu ya viatu vya shamba vya marehemu
usiku baada ya usiku,
mpaka vikaacha kunuka mtu
vikaanza kunuka mbwa.
Sijavitupa.

Juzi gari la matangazo lilipita:
mbwa wote, ofisi ya kata, saa mbili, chanjo.
Tukapanga foleni.
Mwalimu Mamuya na Polisi wake, kamfunga kwa tai ya zamani.
Mtoto kabeba kitoto cha mbwa mgongoni,
kakifunga mbeleko kama mdogo wake.
Kijana wa bodaboda na jike lenye mimba,
kalipakia juu ya tangi, kalikumbatia.
Majina yetu hatuyajui, tunaitana kwa mbwa:
"Baba Polisi, sogea kivulini."
"Mama Deni, wako unampaka mafuta gani?"

Daktari akashika kadi. "Jina la mbwa?"
Nikamtajia. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano, taratibu,
akicheka peke yake:
"Kumbe dawa ya Deni ninayo mimi."
Foleni nzima ikaangua kicheko.
Mwenyewe hakucheka.
Alinikalia mguu, akatetemeka, akavumilia.

Getini tukamkuta Eliafoo.
Kanenepa kidogo, mvi mbili tatu,
noti kazikunja kiganjani: kumi, tano, mbili, moja.
"Nilisema nitatafuta."

Deni akamnusa viatu, suruali, mkono wenye hela,
akatikisa mkia mara mbili, kwa adabu tu,
kama mtu aliyesalimiwa na asiyemkumbuka,
akarudi kuukalia mguu wangu.

Nikajaribu kupiga hesabu.
Dona ya miaka sita. Papai. Vile viatu.
Nikapotea njiani, nikaanza upya, nikapotea.

"Weka hela yako," nikamwambia.
"Hapa mdaiwa ni mimi. Ingia."

Nilimpikia ndizi.
Za mgomba upi, sikumwambia
mpaka aliponawa mikono.